"Hakiumi" Si Jibu

Aliyekiona wa kwanza ni kinyozi. Ilikuwa mwaka wa kwanza, wiki ile bumu limeingia na kila mtu ghafla anakumbuka kwamba ana nywele. Akanyoa pembeni, akashuka nyuma, mashine ikafika chini ya kisogo ikasita. Akaizima. Akabonyeza kwa kidole gumba mara mbili, kisha akaniuliza, "Kaka, hiki kinundu unakijua?"

Sikuwa nakijua. Nikapeleka mkono nikakikuta kweli: kitu laini chini ya ngozi, ukubwa wa zabibu, ukikisukuma kinasogea.

"Kinauma?"

"Hapana."

"Ah, basi. Mafuta tu hayo." Akawasha mashine akaendelea na kazi.

Jioni nikampigia mama. Salamu zikaisha, nikamweleza. Swali lake la kwanza: "Kinauma?" Nikamwambia hakiumi. "Basi achana nacho, mwanangu. Babu yako mzaa baba alikuwa nacho mgongoni, kikubwa kama yai, na amezikwa nacho." Usiku nikamwonyesha rumeti wangu. Naye akauliza neno lilelile. Watu watatu ndani ya siku moja, swali moja, na jibu langu moja likafunga mjadala kwa karibu miaka miwili.

Makala hii inahusu hilo swali. Sina ugomvi na kinyozi wala na mama. Kinyozi angalau alikiona, na kwa bahati alipatia hata jina lake. Ila nimekuja kuamini kwamba "hakiumi" ni neno linalotudanganya kuliko mengi tunayosema kuhusu miili yetu, na sisi wanachuo, pamoja na usomi wetu wote, tunalitumia sawasawa na bibi na babu zetu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na sababu: hospitali ilikuwa mbali. Sisi zahanati iko hapo nyuma ya bweni.

Sasa nieleze kilichonibadilisha.

Mwaka wa pili chumba chetu kilikuwa na vinundu viwili. Cha kwanza changu. Cha pili kilikuwa cha yule rumeti, upande wa kushoto wa shingo, chini ya taya. (Ameisoma makala hii kabla haijaenda kwa mhariri. Ameruhusu, ila jina akasema niliache.) Chake kilikuwa kigumu kidogo kuliko changu, na baada ya kama mwezi kikapata mwenzake pembeni. Hakikuuma. Tukawa tunataniana: yeye ananiita Nundu, mimi namwita Tezi. Usiku akawa anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Tukalaumu hosteli, maana nani hatoki jasho kwenye chumba cha watu sita na feni iliyokufa? Akapungua mwili. Tukalaumu kefeteria, tukalaumu na UE. Kila kitu kilipata maelezo, na juu ya maelezo yote likakaa lile neno: hakiumi.

Aliyetuamsha ni dada yake, ambaye ni nesi. Alipita chuoni kumletea mdogo wake unga na mafuta ya kupikia, akamwangalia shingo, na hakuuliza kama kinauma. Aliuliza kilianza lini, kimeongezeka au kimebaki vilevile, na usiku analalaje. Kesho yake wakaenda hospitali. Wakachoma sindano nyembamba kwenye kile kinundu, wakavuta kidogo, wakapeleka maabara. Jibu: kifua kikuu cha tezi.

Jamani, mimi nasomea ualimu wa Baiolojia. Nimefaulu mitihani ya magonjwa ya kuambukiza. Lakini kichwani kwangu kifua kikuu kilikuwa mtu anayekohoa. Rumeti wangu hakuwa amekohoa hata siku moja. Kumbe wadudu walewale wanaweza kukaa kwenye tezi za shingo, wakazivimbisha polepole, bila kukohoa na bila maumivu. Alipewa dawa za miezi sita, bure, kama ilivyo kwa kila mgonjwa wa kifua kikuu kwenye vituo vya serikali. Akazimeza zote, na leo yuko mwaka wa tatu na mimi, mzima, anakula sahani yake na nusu ya yangu.

Sisi wenzake wa chumbani tukaitwa kuchunguzwa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa mtu akipatikana na ugonjwa huo. Foleni ikafika kwangu. Daktari akanisikiliza kifua, akanipapasa shingo kutafuta tezi, mkono ukazunguka nyuma. Ukasita palepale mashine ya kinyozi iliposita.

Vinundu viwili, chumba kimoja, jibu moja. Kimoja mafuta. Kingine ugonjwa unaoua ukiachwa. Na kwa kipimo chetu cha "kinauma?" vyote viwili vilikuwa vimefaulu.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa hoja yangu. Maumivu yanakuja neva inapobanwa, inapovutwa au inapowashwa na uvimbe wa moto kama jipu. Kitu kinachokua polepole mahali penye nafasi hakina sababu ya kuuma, kiwe cha heri au cha shari. Jipu litakuliza usiku kucha, na mara nyingi ndani ya wiki limepasuka na kusahaulika. Kinyume chake, saratani ya titi mara nyingi huanza na uvimbe usiouma kabisa. Goita haiumi. Kifuko cha majimaji kinachojitokeza juu ya kifundo cha mkono mara nyingi hakiumi. Vile vifuko vyenye uchafu mweupe chini ya ngozi haviumi mpaka siku vikipata usaha. Uvimbe mwingi wa matiti kwa wasichana wa umri wetu sio saratani, nao kwa kawaida hauumi. Kwa hiyo ukiniambia "hakiumi", hujaniambia lolote kuhusu ni kitu gani. Umeniambia tu kwamba unaweza kulala.

Kipimo sahihi ni kipi basi? Nitasema nilichoona daktari akifanya, maana kilichukua dakika chache na hakikuhitaji mashine.

Kwanza aliuliza. Kina muda gani? Kimekua? Kimewahi kutolewa kikarudi? Nyumbani kuna mwingine mwenye nacho? Nilipomtaja babu akatabasamu. Kisha akapapasa. Akakibana pembeni kwa vidole viwili, kikateleza kama kinamkwepa. Akavuta ngozi iliyo juu yake akaona haijashikana nacho sana. Akapima: sentimita 3 hivi. Akasema, "Kijana, hii ni lipoma."

Lipoma ni uvimbe wa mafuta. Seli za mafuta za kawaida, zilezile tulizonazo sote chini ya ngozi, zinajikusanya mahali pamoja ndani ya utando mwembamba. Inaota zaidi shingoni, mabegani, mgongoni, mikononi na mapajani. Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 100 anayo, na wengi wanaigundua wakishapita miaka 40, ila vijana pia tunaipata. Baadhi ya familia zinarithishana. Haina uhusiano wa moja kwa moja na unene: mimi nina kilo 58 na sijawahi kuwa na kitambi. Ukipungua mwili wewe, yenyewe inabaki. Na haiyeyuki. Hakuna chai, mafuta ya kupaka, ndimu wala mazoezi yaliyothibitika kuiyeyusha, hata kama yule muuzaji wa mtandaoni amekutumia picha kumi za "kabla na baada".

Daktari akanitajia pia dalili ambazo zingemfanya asinipapase tu bali anipeleke kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, au hata kuchukuliwa kipande kipimwe: kinundu kilichozidi sentimita 5, ambazo kwa mkono wangu ni upana wa vidole vitatu; kinachokua haraka; kigumu au kilichong'ang'ania chini kisisogee; kilicho ndani sana, chini ya misuli; kilichoanza kuuma; na kilichotolewa kikarudi. Sababu ni kwamba kuna saratani ya mafuta, adimu, ambayo mwanzoni inaweza kufanana na lipoma. Lipoma ya kawaida yenyewe haina tabia ya kugeuka saratani. Hofu ni kuziita lipoma vitu ambavyo sio.

Angalia kwenye orodha hiyo maumivu yako wapi. Yapo, lakini ni moja kati ya dalili sita, na ni sababu ya kuongeza uchunguzi. Sisi tumechukua kipengele kimoja cha orodha tukakifanya mtihani mzima, na tukausahihisha kinyume: mtu akipata "hakiumi" tunampa alama A.

Kisha daktari akasema neno ambalo wengi wangependa hadithi iishe nalo. "Hakina madhara. Unaweza kuishi nacho." Nikashukuru, nikatoka nimeinua mabega. Na kweli ningeishi nacho kama babu, isingekuwa fildi.

Waliokwenda mazoezi ya kufundisha wananielewa. Unafundisha Kidato cha Kwanza, darasa la watu themanini na kitu, na kwa nusu ya kipindi umewapa mgongo kwa sababu unaandika ubaoni. Kufikia wakati huo kinundu kilikuwa kama nusu ya ndimu, kimekaa sawasawa juu ya kola ya shati. Wiki ya pili nikajua jina langu. Hawakulitamka mbele yangu. Nililikuta limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa darasa: MWALIMU NUNDU.

Nilicheka. Rumeti alikuwa ameniita hivyo mwaka mzima. Ila nikaanza kuona ninavyobadilika. Nikawa naandika ubaoni nimesimama upande, kama kaa. Nikanunua mashati yenye kola ndefu, kola ikawa inakisugua, jioni pamekuwa pekundu. Nikaacha kunyoa. Mada ilikuwa seli na tishu, na siku ya kuandika neno la tishu za mafuta ubaoni niliandika haraka nikafuta, ili mtu asiniulize. Mwalimu wa Baiolojia anakimbia Baiolojia kwa sababu imeota mwilini mwake. Hapo nikajua swali la pili ambalo "hakiumi" haikuwahi kulijibu: je, kinakusumbua?

Nilipoanza kuulizia habari za kukitoa, nikakutana na ukuta. Kwenye dirisha moja la hospitali, mama wa mapokezi aliangalia fomu yangu, akaangalia kisogo, akasema, "Hakina madhara, na hakiumi. Hiyo ni urembo, bima haihusiki." Alisema kwa sauti. Watu wa foleni wakageuka. Nikarudisha kadi mfukoni nikaondoka kama mtu aliyekamatwa anaomba kuchongwa pua.

Kuhusu bima ilipe nini sitabishana hapa. Kuna watu wanasubiri upasuaji ambao bila huo hawatembei, na pesa haitoshi wote. Ninabishana na neno. Kitu kimekua mpaka kinasuguliwa na nguo, kimebadilisha ninavyosimama kazini, kimenifanya niruke sehemu ya somo. Daktari akisema hakina madhara, amejibu swali la saratani, na amejibu vizuri. Hajajibu swali la kuishi nacho, kwa sababu hilo ni langu. Na hata kama sababu ingekuwa ni moja tu, kwamba sikipendi, bado ingekuwa sababu. Nikubali ukweli: nusu ya sababu yangu ilikuwa ile chaki nyuma ya mlango. Sioni aibu tena kuisema.

Lakini nisieleweke vibaya, wanachuo wenzangu. Sisemi kila mwenye lipoma akimbilie kisu. Kuiacha ni uamuzi kamili, na kwa wengi ndio uamuzi bora. Kupasuliwa sio kunyolewa. Jeraha linaweza kupata usaha. Damu au majimaji yanaweza kujikusanya pale palipobaki wazi. Neva ndogo ikiguswa, ngozi inaweza kubaki na ganzi. Na kuna jambo linalotuhusu sisi hasa: kelodi, yale makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Watu wenye ngozi nyeusi tunayapata zaidi kuliko wengine, vijana zaidi kuliko wazee, na sehemu zake anazozipenda ni masikio, kifua, mabega na mgongo wa juu. Kama sikio lako lilivimba baada ya kutogwa, au ndugu zako wana makovu ya namna hiyo, mwambie daktari kabla, maana unaweza kubadilisha kinundu laini usichokipenda kwa kovu gumu usilolipenda, tena linalowasha. Mimi sikuwa na historia hiyo. Ingekuwepo, pengine ningebaki Mwalimu Nundu, na ningekuwa sahihi.

Kuna njia ya tatu, na hiyo naipinga waziwazi: kukitoa popote pale. Nyumbani kwetu kuna jirani aliyepakwa dawa ya kuchoma kwenye kinundu cha begani. Kinundu kilibaki, ngozi ikaondoka, na kidonda kikachukua miezi. Nimewasikia na wanachuo wakisema watamwomba mshkaji anayesoma uuguzi "akifyatue" bwenini. Aisee. Pembeni mwa shingo inapita neva inayoinua bega. Ikikatwa, bega linashuka na mkono hauinuki vizuri. Unataka mtu ajifunze hilo kwako, juu ya kitanda cha dabodeka?

Basi nilifanyaje. Nilijibana bumu mbili, nikasubiri likizo, nikaenda hospitali nyingine yenye chumba cha upasuaji mdogo. Nawaambia wanaoogopa, kwa sababu mimi niliogopa: ulikuwa mchana wa kawaida. Nilikula kabla ya kwenda. Daktari alinieleza hatua zote, nikasaini fomu ya ridhaa. Nikalala kifudifudi. Akachora mstari kwa kalamu kufuata mikunjo ya ngozi ya shingo, ili kovu lijifiche humo. Ikaja sindano ya ganzi, dawa iitwayo lignokeini, na hiyo ndiyo sehemu pekee iliyouma kweli: moto wa sekunde kadhaa, kama siafu watatu wamekubaliana. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa, kuvutwa, mlio wa mkasi, lakini maumivu hapana.

Alisema lipoma za nyuma ya shingo zinang'ang'ania kuliko za mkononi, kwa sababu ngozi ya hapo ni nene na ina nyuzinyuzi nyingi. Za mkononi nyingine ukishapasua unabana tu pembeni zinatoka zenyewe. Yangu aliitafuta kidogo kidogo mpaka ikaachia nzima na utando wake, kwa sababu kipande kikibaki kinaweza kukua tena. Dakika kama 40. Akashona kwa tabaka, akafunga bandeji ya kubana. Nikaomba kukiona. Kilikuwa cha njano, kinang'aa, kama mafuta ya kuku wa kienyeji. Hiki ndicho kilichokuwa kinaniandikisha ubaoni upande upande.

Sasa sikilizeni hapa, maana karibu nikosee. Nesi akaniuliza, "Kipelekwe maabara au tutupe?" Maabara ilikuwa malipo ya pembeni. Nikahesabu haraka nauli ya kurudi nyumbani na vocha. Daktari ameshasema ni mafuta, nimeyaona kwa macho yangu, hakijawahi hata kuuma. Mdomo ulishafunguka kusema tutupe.

Nikamkumbuka rumeti. Sisi tuliangalia shingo yake kila siku, na macho yetu hayakuona chochote. Nikalipa. Kikawekwa kwenye kichupa chenye fomalini, kikabandikwa jina langu, kikaenda.

Majibu yalichukua wiki mbili. Nyuzi zilitolewa kabla yake. Katika wiki hizo niligundua jambo ambalo nilikuwa nimejificha muda wote: sikuwa mtu asiye na wasiwasi. Nilikuwa naogopa tangu siku ya kinyozi. "Hakiumi" lilikuwa neno la kunisaidia nisiulize, kwa sababu anayeuliza anaweza kujibiwa. Nadhani wengi wetu ndivyo tulivyo. Tunapoulizana "kinauma?" mara nyingi tunaombana ruhusa ya kutokwenda. Na rafiki mwema anatoa ruhusa, halafu mnarudi kwenye mpira.

Karatasi ilisema lipoma, na kwamba hakuna dalili ya saratani. Mistari michache. Leo nina kovu la sentimita 3 na kidogo, jembamba, ambalo kinyozi analizunguka kwa heshima.

Wapo watakaosema: ukimwambia kila mwenye kinundu aende, zahanati itajaa, na foleni tayari inafika getini. Nimelifikiria. Kupapaswa na kuulizwa maswali matano ni dakika chache. Kinachojaza hospitali ni wale wanaofika wamechelewa. Rumeti wangu angekwenda mwezi wa kwanza, angepoteza asubuhi moja. Alikwenda wa nne, akakosa majaribio mawili, akapata sapu, na watu watano tukaitwa kuchunguzwa.

Kwa hiyo nina maombi, na nayapeleka kwa serikali ya wanafunzi kwanza, kwa kuwa ndiyo mwenye jarida hili na ndiyo inayokaa mezani na wakubwa.

Moja, kwenye wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tunatumia siku nzima kuambiwa namna ya kujisajili na namna ya kutokudisko. Iongezwe nusu saa ya mtu wa zahanati kuwaambia vijana: ukikuta kinundu, njoo tukipapase, kiume kisiume. Mbili, waziri wa afya wa serikali yetu apate kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, bima ya wanafunzi inagharamia nini kwenye jambo hili: kumwona daktari, vipimo, kutoa, maabara. Tubandikiwe ubaoni. Mtu akiambiwa hapana, aambiwe kwa karatasi, asiambiwe kwa sauti mbele ya foleni. Tatu, asikejeliwe anayetaka kukitoa, wala anayetaka kukiacha. Wote wawili wameshafanya lililo gumu, yaani kwenda kuuliza.

La nne nalipeleka kwetu, watu wa elimu. Mwaka kesho tutakuwa madarasani, si wa fildi tena. Tutafundisha seli, tishu na viungo kwa michoro mizuri yenye mishale, na mbele yetu watakaa watoto wenye vinundu ambao wameshaulizwa nyumbani kama vinauma na kuambiwa basi. Wiki yangu ya mwisho ya fildi nililirudia lile somo nililoliruka. Niliwapa mgongo makusudi, nikawaambia: hii inaitwa lipoma, ni tishu hizihizi nilizochora hapa, na daktari ameshaiangalia. Darasa lilicheka kwanza. Kisha likanyamaza, nikamaliza kipindi.

Kengele ilipolia, kijana mmoja alibaki nyuma anakunja na kukunjua mkono wa sweta. Akangoja wenzake watoke wote. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Na mimi ninacho, ila hakiumi."

Nikamwambia avute kiti. Nikamuuliza kilianza lini.